Pima kwanza kitakachotoweka kwanza

Swali: Nimemaliza diploma ya misitu pale Londiani na nimepata kazi ya msimu mmoja, Januari hadi mwisho wa Aprili, kwenye kikundi cha watafiti wa moto. Ploti zetu zitakuwa Mau Mashariki na kwenye vichaka vya leleshwa vya Menengai. Nimezoea kupima saiprasi za kupandwa, lakini sijawahi kufanya kazi kwenye msitu ulioungua. Nitapima nini, kwa mpangilio gani, na ni makosa gani yanayoharibu data za watu? *Msomaji, Kisumu*

Jibu: Hongera kwa kazi. Umeuliza mambo matatu, na la katikati ndilo zito: mpangilio. Kipenyo cha mti unajua kukipima tayari. Kinachowaponyoka wengi ni kwamba kwenye msitu ulioungua kila kitu kina saa yake ya kuondoka. Unyevu wa majani makavu hubadilika kati ya asubuhi na mchana. Majivu meupe huchukuliwa na upepo wa siku mbili tatu, na yanayobaki husombwa na mvua ya kwanza. Weusi kwenye shina hukaa miaka. Kipenyo kitakungoja hata mwezi wa sita. Kwa hiyo anza na kitakachopotea kwanza, umalizie na kinachosubiri. Vikundi vingi hufanya kinyume: huanza na miti kwa sababu miti huonekana kama kazi, na wakija kugeukia majivu, mvua za mwisho wa Machi zimeshafika Nakuru.

Januari, kabla ya moshi

Ploti iliyopimwa kabla ya moto ina thamani kuliko kumi zilizopimwa baada yake, maana baada ya moto hakuna atakayekuambia nyasi zilikuwa kiasi gani. Ndiyo sababu Januari mtaweka ploti nyingi kuliko mtakazohitaji, mkijua kuwa huenda baadhi zikaungua na nyingine zikabaki za kulinganishia.

Ploti ya miti kwa kawaida ni mita 20 kwa 20. Ndani yake mnatenga mita 10 kwa 10 kwa miti michanga, na fremu za mita 1 kwa 1 kwa miche na nyasi. Kona ya kwanza inyoosheni kwa kamba ya pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5, kisha pimeni kutoka kona hadi kona ya mkabala: lazima ipatikane mita 28.28. Ikipita au kupungua kwa nusu mita, rudieni hapo hapo. Kumbuka pia kwamba ukubwa wa ploti huhesabiwa kwa mlalo, si kwa kufuata ardhi. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 20 za mlalo ni mita 21.3 za kamba. Kwenye nyuzi 30 ni mita 23.1. Usiporekebisha kwenye nyuzi 30, ploti yako imepungua kwa asilimia 13, na hesabu zote za miti kwa hekta zitakuwa na kasoro hiyo hiyo hadi mwisho wa mradi.

Kona ziwekwe kwa nondo ya milimita 12, urefu wa sentimita 60. Utepe wa plastiki utayeyuka, na vigingi vya mbao vitateketea. Karibu na makazi, nondo inayochomoza hupata mnunuzi wa vyuma chakavu upesi, kwa hiyo izamisheni hadi ilingane na ardhi, na muandike umbali na mwelekeo wa dira kutoka miti miwili mikubwa iliyo jirani. Miti miwili, si mmoja. Mmoja unaweza kuanguka.

Vibati vya namba viwe vya chuma kisichoshika kutu. Alumini ni nafuu lakini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Mkishakuwa na ploti za zamani zenye alumini na mkakuta kibati kimechuruzika kama nta kwenye gome, msikitupe. Hicho ni kipimajoto mlichopewa bure: pale kilipokuwa, joto lilipita nyuzi 660. Andika namba ya mti kwa kufuata ramani ya ploti, urefu kutoka ardhini na upande kilipokuwa. Msumari pigilia sentimita 30 juu ya sehemu ya kupimia, si pale pale penye mita 1.3, kwa sababu mti huvimba kuzunguka msumari na kipenyo cha mwaka ujao kitakuwa cha uvimbe. Acha kichwa cha msumari nje sentimita kadhaa ili mti usimeze kibati.

Kuna jambo la GPS ambalo ploti zenu hasa zitalikuta. Njoro iko magharibi ya longitudo 36, kwa hiyo ni kanda ya 36 Kusini kwenye UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda. Mji wa Nakuru na kasoko ya Menengai viko mashariki yake, kanda 37 Kusini. Ni mwendo mfupi wa matatu tu kati ya pande hizo mbili, lakini namba za mashariki zinabadilika kabisa. Ukipanda hadi Kakamega umevuka ikweta, uko 36 Kaskazini. Mtu akiandika namba bila kanda, ploti itatokea mamia ya kilomita kutoka ilipo. Andikeni kwa digrii za desimali, tarakimu tano baada ya nukta, alama ya kutoa ikiwa mbele ya latitudo ya kusini, na mfumo wa WGS84, ambao ndio wa GPS. Zile ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Ukichukua namba zake moja kwa moja utapotea kiasi cha mita 300, na kwenye msitu wa mianzi mita 300 ni nusu siku.

Chakula cha moto

Moto hula vitu vilivyokufa na kukauka: majani, nyasi, vijiti, matawi, magogo. Kila unene una mwendo wake wa kukauka, na ndiyo maana vijiti hugawanywa kwa makundi: chini ya sentimita 0.6, kutoka 0.6 hadi 2.5, kutoka 2.5 hadi 7.6, na zaidi ya hapo. Kundi la kwanza hufuata hali ya hewa kwa takriban saa moja, la pili saa kumi, la tatu saa mia, na magogo saa elfu. Tengenezeni kipimo cha bati chenye nafasi tatu za upana huo, msikadirie kwa jicho. Jicho la saa mbili asubuhi na jicho la saa saba mchana haviko sawa.

Mnavuta tepu ardhini na kuhesabu kila kijiti kinachokatwa na ukuta wa kufikirika unaosimama juu ya tepu hiyo. Vijiti vya makundi mawili madogo mnahesabu kwenye mita 2 za kwanza tu, kundi la tatu kwenye mita 5, na magogo kwenye mita 20 zote, kila gogo likipimwa kipenyo pale linapokatwa. Kijiti kinahesabiwa ikiwa mstari umepita katikati ya unene wake. Mstari ukigusa ncha tu, hakimo. Kijiti kilichopinda kikikata mstari mara mbili kinahesabiwa mara mbili. Majani, maganda ya mbegu na vipande vya gome havimo. Mti mfu uliosimama haumo, huo una fomu yake.

Kosa linaloharibu kazi hii ni la miguu. Anayevuta tepu hutembea juu ya mstari, anayefuata hukanyaga, na mwandishi anaketi palepale. Vijiti vinavunjika, majani yanabanwa, na kina cha majani ambacho kilikuwa sentimita 6 kinasomeka 3. Chagueni upande mmoja wa tepu kuwa njia, upande wa pili usiguswe kabisa, na kina cha majani kipimwe kabla ya kuhesabu vijiti.

Sasa unyevu, ambao ndio kipimo chenye haraka kuliko vyote. Chukua sampuli mchana, kati ya saa saba na saa tisa, wakati majani yamekauka kufikia kiwango chake cha chini kwa siku. Usichukue baada ya umande wala baada ya manyunyu. Weka kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, ziba kwa utepe, pima uzito jioni ile ile. Halafu oveni ya nyuzi 105, saa 24 kwa majani, saa 48 kwa mbao, upime tena. Hesabu ni maji yaliyotoka kugawanywa kwa uzito mkavu, si uzito mbichi. Sampuli ya gramu 86 ikibaki 74, maji ni gramu 12. 12 kwa 74 ni asilimia 16.2. Ukigawa kwa 86 utapata 14, na kosa hilo dogo linatosha kuufanya msitu uonekane mkavu kuliko ulivyo. Kila kopo lipimwe likiwa tupu na uzito wake uandikwe kwenye kifuniko na kwenye daftari, kwa sababu vifuniko hubadilishana makopo.

Kwa leleshwa pima pia majani mabichi. Yana mafuta yenye harufu ya kafuri, na moto wa Menengai hauungojei mmea ufe. Usishtuke jani bichi likitoa asilimia 110 au 130: maji yakizidi uzito mkavu, lazima ipite mia.

Kuna mtego hapa ambao wageni hawaujui na sisi tunautega wenyewe. Anayepima anasema "saa nane", na mwandishi anaandika 8:00. Sampuli ya mchana mkavu inageuka kuwa ya asubuhi yenye umande, na hakuna atakayeligundua kosa hilo ofisini kwa sababu namba inaonekana nzuri. Kubalianeni siku ya kwanza: mdomoni semeni mtakavyo, kwenye fomu ni saa za tarakimu nne, 14:00. Mwandishi arudie kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Na nafasi tupu si sifuri: kama mlitafuta miche na hamkuona, andika 0, kama hamkutafuta, piga mstari. Miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi.

Siku ya moto

Siku hiyo hamuingii. Moto wa msituni uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kazi ya mtafiti ni kukaa mahali palipokwisha kuungua au palipo wazi, na kutii afisa wa kituo. Kinachoweza kupimwa kwa mbali kipimwe: mwelekeo wa upepo, urefu wa ndimi za moto ukilinganishwa na kitu unachokijua urefu, na mwendo wa moto kati ya alama mbili zenye umbali unaojulikana.

Kutokana na hayo nguvu ya moto huhesabiwa kwa kanuni ya Byram: joto la kitu kinachowaka, kiasi kilichoteketea, na mwendo, vikizidishwa. Tuseme nyasi na majani yaliyoteketea ni kilo 0.5 kwa mita ya mraba, moto ulikwenda mita 6 kwa dakika, na joto ni kilojuli 18,000 kwa kilo. Mita 6 kwa dakika ni mita 0.1 kwa sekunde. Zidisha, unapata kilowati 900 kwa kila mita ya ukingo wa moto. Ukisahau kugawa kwa 60 utapata 54,000, namba ya moto wa kutisha kupita kiasi, na imewahi kuandikwa kwenye ripoti za wanafunzi. Kilowati 900 huleta ndimi za karibu mita 1.8. Watu wenye matawi, panga na majembe hawawezi kuukabili moto uso kwa uso ndimi zikizidi mita 1.2, sawa na kilowati 350 hivi. Hiyo namba ikae kichwani, kwa ajili ya usalama wako kabla ya ripoti.

Wiki ya kwanza baada ya moto

Hapa ndipo msimu wenu utakapofaulu au kuharibika. Kabla hamjagusa majivu, nitasema habari ya kuingia.

Eneo lililoungua juzi si eneo lililozima. Mizizi huendelea kuwaka chini kwa chini siku kadhaa, na juu huonekana majivu tulivu tu. Ukikanyaga, mguu unazama kwenye shimo la makaa hadi gotini. Tembea na fimbo, gonga mbele yako, pitisha mgongo wa mkono karibu na ardhi penye shaka. Joto huhisiwa kabla ya kuonekana. Gambuti ziache nyumbani siku hizo, plastiki huyeyuka. Vaa buti za ngozi zilizoshonwa na nguo za pamba, kwa sababu nailoni hushikamana na ngozi ikiyeyuka. Miti mifu iliyosimama huua hata moto wenyewe ukishapita. Kaa mbali nayo kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wake, na upepo ukianza kuvuma mchana, tokeni, hata kama imebaki ploti moja. Hasa kama imebaki ploti moja, kwa kuwa hapo ndipo watu huharakisha. Anayebaki kambini ajue nyakati mbili za kupigiwa simu, tuseme 13:00 na 17:00. Ikipita saa moja bila simu, anatafuta askari wa msitu. Sehemu nyingi za bondeni hazina mtandao, kwa hiyo tafuteni mapema kilima chenye mtandao.

Sasa majivu. Fika asubuhi kabla ya upepo. Piga picha kwanza, kutoka katikati ya ploti kuelekea pande nne za dira, kamera ikiwa urefu wa mita 1.5, kibao cha namba ya ploti kikionekana. Kisha, kwenye sehemu kumi zilizopangwa kabla (usichague kwa macho, macho huvutwa na pale penye majivu mengi), pima kina kwa rula na uandike rangi. Majivu meusi ni kitu kilichoungua nusu. Ya kijivu hafifu na meupe ni kilichoungua kikaisha. Kwa sampuli weka fremu ya sentimita 25 kwa 25, kusanya kwa brashi laini na kijiko bapa, usikwangue udongo. Gramu za fremu hiyo zidisha kwa 16, unapata gramu kwa mita ya mraba. Ukiona chini ya gogo lililoteketea udongo umegeuka mwekundu kama tofali, hapo joto lilikaa muda mrefu. Chora umbo lake kwenye ramani ya ploti, hata likiwa na upana wa mkono.

Baada ya majivu, udongo. Moto hugeuza nta za majani kuwa mvuke, ukapenya na kuganda chini kidogo, na udongo unakataa maji. Kipimo chake ni chupa ya matone ya macho na saa ya sekunde. Ondoa majivu, weka matone kumi juu ya udongo wenyewe, hesabu sekunde hadi kila tone linywewe. Chini ya sekunde 5, udongo uko sawa. Sekunde 5 hadi 60, unakataa kidogo. 60 hadi 600, unakataa sana. Zaidi ya hapo ni hali mbaya, na tone likikaa saa nzima ni mbaya kupindukia. Rudia kwenye kina cha sentimita 1, 2 na 3. Wengi hupima juu tu, wanaandika "hakuna tatizo", na kumbe tabaka liko sentimita mbili chini. Ukiinama karibu utaliona tone limesimama mviringo kama shanga, likiwa na vumbi jeusi juu yake, na udongo wa chini yake ukiwa mkavu kabisa. Hilo tabaka ndilo litakalotupa maji ya Machi mtoni yakiwa na udongo, na wanaoteka maji hayo chini wanastahili namba sahihi.

Miti, ambayo inaweza kungoja

Weusi kwenye shina pima sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa, pamoja na mwelekeo wa dira wa kila moja. Kwenye moto unaosukumwa na upepo, weusi hupanda juu zaidi upande wa nyuma, ule usiopigwa na upepo, kwa sababu moto hujikunja nyuma ya shina. Ukipima upande mmoja tu unaokufaa kusimama, umepima pozi lako.

Unene wa gome ndio unaoamua nani atapona. Muda ambao gome huulinda utando hai ulio chini yake hukua kwa mraba wa unene: kwa makadirio yanayotumika sana, dakika 2.9 kwa sentimita moja, lakini 11.6 kwa sentimita mbili. Kwa hiyo milimita chache za kosa kwenye kipimo ni kosa kubwa kwenye matokeo. Pima pande mbili, katikati ya mifereji na juu ya matuta, uandike zote.

Usitangaze mti umekufa wiki ya kwanza. Majani kukauka si kifo. Kata dirisha dogo la kisu chini ya shina, pande nne: utando hai ni mweupe au wa kijani na una maji, uliokufa ni wa kahawia na umekauka au umechacha. Halafu ngoja msimu wa mvua. Saiprasi ulizozoea hazichipui kisikini, zikifa zimekufa. Mkaratusi unaweza kuchipua hata ukiwa mweusi hadi kileleni. Andika tofauti kati ya mti uliokufa wote na uliokufa juu tu.

Majina ni tatizo jingine. Mti ule ule *Prunus africana* ni muiri kwa Kikuyu, tendwet kwa Kalenjin na mwiritsa kwa Kiluhya, na kikundi chenye watu watatu kitauandika kama miti mitatu. Mti usio na majani utambue kwa gome na kwa harufu ya kidonda kibichi (huo wa *Prunus* hunuka lozi chungu), na usipoujua andika "haujulikani 1" na maelezo yake, urudi Aprili uone machipukizi. Kubahatisha ni kosa lisilofutika. Na tepu ya kawaida ikisoma mzingo, gawa kwa 3.1416 kabla ya kuandika kipenyo. Mzingo ukiingia kwenye safu ya kipenyo, eneo la shina linakua karibu mara kumi.

Kulinganisha, na setilaiti

Ploti kumi ndani ya moto mmoja ni moto mmoja. Mtu akikwambia ana sampuli kumi, muulize ni mioto mingapi. Na ploti isiyoungua lazima iwe kwenye kimo kile kile, mteremko unaotazama upande ule ule, na mimea ile ile. Kulinganisha mtarakwa wa ukingoni na mianzi ya juu ni kulinganisha vitu viwili ambavyo havikuwa sawa hata kabla ya moto.

Picha za setilaiti ya Sentinel-2 zinazotumika kupima ukali wa moto zina vipande vya mita 20, za Landsat mita 30. Weka ploti angalau mita 30 ndani ya eneo lililoungua kwa namna moja, vinginevyo kipande cha picha kitachanganya majivu yako na shamba la viazi la jirani. Alama za moto za VIIRS, kihisi cha setilaiti kinachogundua joto, ni za mita 375; zinakuonyesha pa kwenda kuangalia, si mpaka wa moto. Mawingu ya Machi yataficha picha nyingi, kwa hiyo tembeeni mpaka wa moto kwa GPS wiki ile ile.

Chanzo cha moto mtakitaka pia. Msiulize "nani alichoma". Kuwasha moto msituni bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya 2016, na swali hilo hufunga midomo ya kijiji kizima, hata ya mzee wa Ogiek anayerina asali tangu utotoni na anayejua mti upi ulianguka mwaka gani. Piga hodi, salimu wazee kwanza, jitambulishe pamoja na skauti wa chama cha jamii cha misitu, kile watu hukiita CFA, kisha uliza moto ulionekana lini, upepo ulitoka wapi, mara ya mwisho paliungua lini. Hayo ndiyo mnayoyahitaji kisayansi, na mtu anaweza kuyajibu bila kumtaja jirani.

Kwa karatasi, mwenye mradi awe na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua ya KFS, na nakala ziwe mfukoni mwako, si ofisini Nairobi. Droni ina kibali chake. Muulize pia mwajiri, kabla ya kupanda gari, kuhusu bima ya kuumia kazini chini ya sheria ya WIBA ya 2007. Kibarua cha msimu mmoja pia ni mfanyakazi.

Aprili

Mvua ikishika, nyasi changa hutokea ndani ya siku chache, na ng'ombe hufuata. Wafugaji hawana kosa, jani ni jani. Lakini miche mtakayoikuta imepungua, je, imeuawa na moto au imeliwa? Bila uzio hamtajua. Zungushieni nusu ya fremu za mita 1 kwa 1 waya wa kuku wenye urefu wa mita moja, nusu nyingine ziacheni wazi, kabla ya mvua, siyo baada ya kuona kwato. Tofauti ya nusu hizo mbili ndiyo ng'ombe.

Kwenye Menengai kazi ya Aprili ni visiki vya leleshwa. Kisiki kimoja hutoa machipukizi mengi, na kosa la kawaida ni kuhesabu kila chipukizi kama mmea. Mmea ni kisiki. Hesabu visiki vilivyochipua na visivyochipua, kisha kwa kila kisiki idadi ya machipukizi na urefu wa refu kuliko yote. Shina za Januari, ambazo hugawanyika chini ya mita 1.3, zipimwe kwenye sentimita 10 kutoka ardhini. Kuziunganisha usichukue wastani. Shina za sentimita 3, 4 na 5: 9, 16 na 25 ni 50, kipeo chake cha pili ni 7.1, na hicho ndicho kipenyo cha mmea wote. Vibati vya leleshwa basi vifungwe kwa waya wa chuma kwenye shingo ya kisiki, usawa wa ardhi, kwa sababu shina lolote mtakalolitundikia namba Januari huenda Aprili lisiwepo.